Saa Inayosoma Moyo

Siku Mardochée alipokosa kurudi, ziwa lilikuwa limetulia tangu asubuhi kama maji ndani ya beseni. Colette alianika nguo kwenye waya nyuma ya chumba chao cha kupanga pale Nguba, mtaa wa ukingoni mwa ziwa, akamwambia binti yao Tatiana asiziguse mpaka zikauke kabisa. Mume wake alikuwa amepiga simu kutoka kisiwa cha Idjwi: mananasi yamepakiwa, boti inaondoka baada ya chakula, amwekee maji ya kuoga. Colette aliweka maji motoni. Yakachemka, yakapoa, akayachemsha tena. Mara ya pili ndipo upepo uliposhuka kutoka milima ya Kalehe, ukazing'oa nguo zote kwenye waya, na ziwa likawa na rangi ya jivu lililomwagiwa maji.

Alishuka mbio hadi gatini, kikwembe chake, kitenge cha njano cha kujifunga, kimelowana mapajani. Wanawake wengine walikuwa wamefika kabla yake, wamejikusanya chini ya paa la bati.

"Nahodha wa ile boti iko na akili," mtu wa gati aliwaambia. "Akiona upepo anarudi. Wamelala Idjwi, batakuja kesho."

"Simu yake haiingie," Colette alisema.

"Hata yangu haiingie, maman. Réseau imeanguka. Rudi kwako, utashikwa na homa bure."

Alirudi nyumbani. Maji yalikuwa yamechemka mpaka yamebaki nusu ya sufuria. Aliyafunika.

Kesho yake boti za wavuvi zilianza kuwaleta watu, mmoja mmoja, wamefunikwa kwa turubai la bluu. Colette alisimama gatini siku ile, na siku iliyofuata, na kila turubai lilipofunuliwa alisogea, akatazama, akarudi nyuma. Waliokuja hai walikuwa wachache. Mmoja wao, kijana muuza maharagwe, alisema alimwona Mardochée akimsukumia mama mmoja dumu tupu ili alishike. Baada ya hapo wimbi lilikuja, na hakuona kitu tena.

Mwenye boti alitoa masanduku ya kuzikia kwa waliopatikana. Colette alimfuata hadi nyumbani kwake, akamuuliza kama na yeye atasaidiwa. Yule bwana hakuwa mkali. Alimtazama kwa huruma kabisa, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Maman, sanduku ni ya kuweka mutu," alisema. "Wako iko wapi?"

*

Wiki ikaisha. Kwaya ya parokia ilikuja na ngoma yake kuimba nyumbani kwa marehemu, kama inavyofanya kwa kila familia. Colette aliizuia mlangoni.

"Hapa hakuna kilio," aliwaambia.

Waimbaji walitazamana. Wakageuka, mwenye ngoma akiwa ameikumbatia kifuani isigonge kitu, wakaenda nyumba ya tatu kutoka pale, ambako maiti ilikuwa imepatikana. Colette alizisikia nyimbo zote akiwa ameketi kitandani.

Alikataa kuvaa nyeusi. Alivaa kile kikwembe chake cha njano hadi bombani, na wanawake waliokuwa wakijaza madumu yao walimpisha kwenye mstari, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alipoondoka na dumu lake alimsikia mmoja akisema nyuma yake, "Amevaa kama mwenye kungojea sikukuu."

Ndipo mama mkwe wake, Séraphine, aliposhuka kutoka mlima wao wa upande wa Kabare, pamoja na Adalbert, kaka mkubwa wa Mardochée. Séraphine alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima tangu utotoni. Hakuketi kwenye kiti alichopewa. Aliketi chini, akanyoosha miguu.

"Mutoto wangu iko nje," alisema. "Mvua iko namupiga. Siwezi kulala."

Colette alijua neno lililokuwa linakuja. Kwao, mtu aliyepotea majini au porini bila kupatikana huzikwa kwa mgomba. Shina hukatwa kwenye shamba la ndizi la familia, likapimwa kwa urefu wake, likavikwa nguo zake. Hulala ndani ya nyumba kama maiti, likaliliwa, kisha likashushwa kaburini kwa jina lake. Baada ya hapo mtu yule ameshazikwa. Hakuna anayelipia boti kwenda kumtafuta, hakuna anayeuliza habari zake sokoni. Hata akitokea kwa miguu yake, wenye nyumba hawamfungulii mpaka wazee waite watu na kumfanyia mambo marefu.

"Mama, tungoje," Colette alisema. "Kuna wenye wametupwa Idjwi, fasi haina réseau. Kuna wenye wamevunjika miguu."

"Tunangoja nini?" Adalbert aliuliza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kupima maneno. "Nimeenda Idjwi. Nimeuliza kwa vijiji vya pembeni, nimeuliza kwa padri. Siko nakataa, muke wetu. Lakini tunangoja nini?"



*

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliyelileta ni mvuvi wa Idjwi aitwaye Cyprien, aliyekuwa ameulizia njia kutoka gatini hadi Nguba akitafuta "muke wa yule guide". Mardochée alikuwa anajulikana hivyo hata kisiwani, ingawa kazi ya kuongoza wageni kupanda mlima Kahuzi ilikuwa imekufa tangu wageni waache kuja, na siku hizi alichuuza mananasi.

Cyprien alitoa mfuko wa mgongoni wa Mardochée, umevimba kwa maji na kunuka tope. "Nimeukuta kwa matete," alisema. "Ulikuwa umekwama. Nikaona hii kitu, nikasema huyu mutu iko na familia."

Kwenye mkanda wa bega wa ule mfuko, pale penye sponji nene, ilikuwa imefungwa saa ya Mardochée. Ilikuwa saa kubwa nyeusi ya watu wa milimani, aliyoachiwa na Mholanzi mmoja aliyempandisha Kahuzi. Ilipima urefu wa mlima, ikaonyesha njia, na kwa taa ndogo ya kijani iliyo chini yake ilisoma mapigo ya moyo wa aliyeivaa.

Colette aliigusa. Kioo kikawaka.

"Haijazimika," alisema.

"Batri yake nguvu," Cyprien alisema. "Hata mimi nilishangaa."

Kwenye kioo kulikuwa na moyo mdogo mwekundu unaopepesa, na pembeni yake namba: sitini na sita.

Cyprien alipoondoka, Colette alifunga mlango. Mardochée alikuwa amemfundisha vidude vyote vya saa ile, wakiwa wamelala, kioo kikimulika dari. Alibonyeza kitufe cha chini mara mbili, ukaja mchoro wa moyo wa wiki mbili zilizopita. Mstari mwekundu ulipanda na kushuka kama kawaida hadi siku ya dhoruba. Siku ile ulipanda sana. Kisha ulishuka, lakini haukukatika. Uliendelea kesho yake, na siku iliyofuata, na nyingine, mpaka leo.

Alibonyeza tena, ukaja mchoro wa urefu. Hapa Colette alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Yule Mholanzi alikuwa amemwandikia Mardochée kwenye simu kwamba saa inatakiwa kuwekwa sawa mahali ambapo urefu wake unajulikana, na kwamba Ziwa Kivu liko karibu mita elfu moja na mia tano juu ya bahari. Mardochée alicheka. "Bahari sijaiona," alisema. "Nianze kuhesabu kwa kitu sijaona?" Alishuka hadi majini pale Nguba, akachutama, akaandika sifuri. Tangu siku ile saa yake ilihesabu kuanzia ziwani. Kwake yeye kila mlima ulianzia pale.

Na mchoro ulisema hivi: wakati boti ilipokuwa ziwani, sifuri. Usiku wa dhoruba, mstari ulipanda. Ukafika mia na kitu, ukakaa hapo.

Colette aliketi chini, mgongo kwenye mlango. Maji hayapandi mita mia. Mtu ndiye anayepanda.

*

"Alifika inchi kavu," alimwambia Adalbert. "Akapanda mulima. Saa ilikuwa nasoma moyo wake. Uone mwenyewe."

Adalbert alivaa miwani, akatazama mchoro kwa muda mrefu. Séraphine alikuwa pembeni, anatazama nyuso zao, siyo saa.

"Mufuko ulikuwa kwa matete," Adalbert alisema. "Matete iko kwa maji. Kama alipanda mulima, saa ilishuka na nani?"

"Labda aliteleza. Labda aliacha mufuko juu, mvua ikausukuma. Mimi sijue. Lakini moyo, shemeji?"

"Mardochée akibeba mizigo anafunga saa kwa mukanda wa mufuko. Jasho linamuwasha. Nimemuona."

"Basi kama ilikuwa kwa mufuko, ilikuwa nasoma moyo ya nani?"

Adalbert alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mama yake alikuwa hapati usingizi.

"Sikiliza," alisema. "Tupeleke hii saa kwa mwenye kujua. Kama iko nasema kweli, nitapanda boti ya Jumatatu pamoja na wewe, tutatafuta mulima kwa mulima, hata wiki mbili. Kama iko nadanganya, Jumamosi tunazika, na unavaa nyeusi kama wenzako. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Mama, umesikia?"

Séraphine alikuwa ameuvuta ule mfuko uliolowa, ameuweka mapajani, anaukamua kidogo kidogo, maji yakichuruzika sakafuni.

"Mugomba nimeshachagua," alisema.

*

Destin alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko la Nyawera. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye shati safi na kucha nyeusi kwa risasi ya kulehemu. Aliigeuzageuza saa kwa adabu.

"Hii sijafungua hata moja, maman. Nisikudanganye. Lakini tujaribu mambo ya kawaida."

Aliizima, akaiwasha. Michoro ilirudi ileile. Alipangusa kioo cha chini kwa pamba na pombe kali, pale taa ya kijani ilipokuwa, pamba ikatoka na tope. Akaifunga kwenye mkono wa Colette, juu kidogo ya kifundo, akaibana.

"Tisini na nane," alisoma. "Uko na woga, maman?"

"Soma tu."

Akashika mshipa wake kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. "Iko sawa. Kwa mukono iko nasoma vizuri." Akaifunga kwenye mkono wa Adalbert. Sitini na tisa. Akahesabu. Sawa pia.

Colette alimtazama shemeji yake. Adalbert aliutazama mkono wake mwenyewe, kama vile umesema jambo alilolikataza.

"Urefu sasa," Destin alisema. "Urefu haipimwe hapa, hapa hatujue tuko mita ngapi. Ile sifuri aliiweka wapi?"

"Kwa maji," Colette alisema. "Pale chini kwetu."

"Basi twende pale pale."

Waliteremka kwa miguu, Destin akiwa na chupa ya chai yenye maji ya moto na mswaki mpya. Pale Nguba kulikuwa na njia nyembamba kati ya kuta mbili za matajiri, inayoishia kwenye mawe ambapo wanawake hufua. Colette ndiye aliyemwonyesha jiwe lenyewe. Mardochée alikuwa amechutama pale, suruali imekunjwa hadi magotini, amenyoosha mkono mpaka saa ikagusa maji, huku akimwambia, "Usicheke, hii ni kazi ya wenye akili."

Destin alichutama palepale. Akangoja kioo kitulie.

"Inasema ngapi?" Adalbert aliuliza.

Destin alimgeuzia Colette kioo asome mwenyewe.

Mita mia na kumi na nne. Mawimbi madogo yalikuwa yanalamba vidole vya Destin.

"Mi naona vitundu vimeziba," alisema polepole. "Hapa pembeni, uko naona? Saa inapima upepo, uzito wa upepo. Tope ikiziba, inapima uongo." Alimimina maji ya uvuguvugu, akapiga mswaki taratibu, akaitikisa, akapuliza. Namba zikaanza kushuka. Tisini. Sitini na mbili. Thelathini. Zilikuwa zinashuka bila haraka, kama mtu anayeteremka mlima akiwa na mzigo, na Colette alikuwa anazisoma zote. Zikafika tatu, zikatulia.

"Donc, kumbe hakupanda," Adalbert alisema. Hakusema kwa ushindi.

Colette alisikia sauti ya ndoo ikigongwa kwenye jiwe la mbali. Mwanamke mmoja alikuwa anafua, anamtazama mwanamke aliyevaa njano.

"Na moyo?" aliuliza. "Urefu ni tope, sawa. Moyo je? Weka kwa jiwe. Weka tuone kama itasoma jiwe."

Destin aliikausha saa kwa shati lake, akailaza juu ya jiwe kavu, taa ya kijani ikitazama chini. Wakangoja wote watatu wameinama. Kwenye kioo vilikuja vistari viwili vidogo, na hakuna namba.

Akaiweka juu ya ukuta. Vistari viwili. Juu ya chupa ya chai. Vistari viwili.

"Haisome kitu haina moyo," Colette alisema. Kwa mara ya kwanza tangu dhoruba, sauti yake ilipanda. "Umeona, shemeji? Haisome. Ilisoma mutu."

"Maman," Destin alisema, "kwa kitu ngumu haisome, njo vile. Lakini kwa kitu laini, yenye maji ndani, siwezi kukuambia. Sijajaribu."

Colette alikuwa ameshaichukua saa, anaifunga mkononi mwake. Adalbert aliosha uso kwa maji ya ziwa, akabaki ameinama, maji yakimdondoka puani.

"Nimesema nitaenda, nitaenda," alisema mwishowe. "Jumatatu. Lakini mama amenipigia asubuhi. Mugomba umeshakatwa, watu wameshafika. Mimi siwezi kumuambia arudishe watu. Umuambie wewe."

*

Jumamosi asubuhi Colette alipanda pikipiki kwenda kwa mama mkwe wake, hadi mwisho wa barabara, kisha akapanda kwa miguu, Tatiana akimfuata kwa nyuma. Alivaa kile kikwembe cha njano, amekifua na kukipiga pasi. Alisikia kilio kabla hajaiona nyumba.

Uani kulikuwa na majirani, mitungi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na vijana wawili waliopakaa udongo hadi magotini, majembe yakiwa yameegemezwa. Shimo lilikuwa tayari, kwenye ukingo wa shamba la ndizi. Alipopita, wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine kutoka mlangoni kwenda ndani.

Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka katikati ya sebule. Ulikuwa na urefu wa Mardochée; Séraphine aliupima kwa kamba aliyoikata kwa kumbukumbu, akionyesha kwa mkono jinsi mwanawe alivyolipita bega lake. Ulikuwa umevikwa suruali ya kijivu na koti jeusi la harusi, lile ambalo Adalbert aliomba wiki iliyopita bila kusema la nini. Badala ya mikono yake walikuwa wameingiza migongo miwili minene ya majani ya mgomba, ule uti wa katikati, ndani ya mikono ya koti, na ncha zake za kijani, zilizokatwa asubuhi ile, zilichomoza pale ambapo viganja vingekuwa. Zilikuwa bado zinatoa utomvu.

Tatiana alisimama mlangoni, hakuingia.

"Umekuja na nguo gani hiyo?" Séraphine aliuliza. Alikuwa ameketi kichwani pa mgomba, anapunga nzi kwa jani.

"Mama, tusizike. Tumepima saa. Shemeji alikuwa pale, ataenda na mimi Idjwi Jumatatu. Mungoje wiki mbili tu."

Wote walimtazama Adalbert. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Nimeahidi," alisema.

"Mutoto wangu amelala ndani," Séraphine alisema. "Tumeshamulilia, tumeshamuita jina lake. Unataka nimutoe nje tena?"

"Huyu si yeye, mama. Ni mugomba."

Mwanamke mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Neno lile halisemwi mbele ya maiti ya namna ile, na Colette alijua.

"Saa inasoma mutu tu," aliendelea, haraka, kwa sababu akinyamaza hataweza tena. "Kwa jiwe haikusoma. Kwa ukuta haikusoma. Kwa mufuko wake imesoma siku zote hizi kwa sababu ilikuwa kwa mutu kwanza. Nitawaonyesha. Muone wenyewe, kisha mutaamua."

Alipiga magoti, akavua saa mkononi mwake. Akashika ule mkono wa koti, akaupandisha kidogo, akaifunga saa kwenye mgongo wa jani, taa ya kijani chini, akaibana kama alivyoona Destin akifanya. Unene ulikuwa uleule wa mkono wake. Tundu la mkanda lilikuwa lilelile alilotumia Mardochée.

Kioo kilionyesha vistari viwili.

"Mumeona," alisema. Aliuinua ule mkono ili wa nyuma nao waone. "Haisome kitu. Mama, uone."

Séraphine hakutazama. Alikuwa anapunga nzi.

"Imesoma," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma ya bega la Colette.

Colette aligeuza macho. Moyo mdogo mwekundu ulikuwa umeanza kupepesa. Hamsini na nane. Ukapotea, ukarudi. Sitini na nne. Kisha sabini na moja, na hapo ukakaa, unapepesa sawasawa, bila haraka, kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri.

Nje, mtu ambaye hajui kinachoendelea alikuwa anacheka kitu kuhusu kasiksi.

Séraphine aliweka jani chini. Hakujua kusoma namba, lakini moyo unaopepesa aliuona. Alisogea kwa magoti, akalaza kiganja chake kikubwa kwenye kifua cha koti, kisha akalaza sikio.

"Iko hapa," alisema. "Mutoto wangu amekuja. Iko hapa."

Wanawake wawili walirudi nyuma hadi mlangoni. Mwingine alianza kusali rozari kwa sauti. Mmoja wa wale vijana wa shimo alichungulia dirishani, akamwambia mwenzake, "Hajakufa," na neno likaanza kuzunguka uani.

Colette alibaki ameshika ule mkono wa kijani. Alielewa kwamba sasa amepata alichokijia. Akinyamaza, hakuna atakayethubutu kuubeba ule mgomba leo. Shimo lingefunikwa kwa matawi, watu wangerudi kwao, Jumatatu ingefika, boti ya Idjwi ingeondoka na yeye ndani. Angehitaji tu kunyamaza. Alimtazama Adalbert, na Adalbert alikuwa amefumba macho.

Mama mkwe wake alikuwa anacheka kidogo kidogo, sikio kwenye koti, anaongea na mwanawe kwa Mashi, lugha ya kwao. Alikuwa anamuuliza kama amekula.

"Hapana, mama," Colette alisema.

"Nyamaza, nimusikie."

"Mama, hapana. Ni saa. Iko nasoma maji ya mugomba." Alilazimika kulisema tena, kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Inasoma kitu chochote chenye maji. Ilisoma mufuko. Haikumusoma yeye. Haiko hapa, na haiko Idjwi."

Alijaribu kufungua mkanda wa saa, vidole vikakataa. Adalbert ndiye aliyechutama akaifungua. Kwenye ngozi ya kijani ya lile jani palibaki alama ya mviringo. Séraphine aliendelea kulaza sikio kwa muda, kisha akalitoa. Hakulia. Aliishika ncha ya ule mkono, akaurudisha ndani ya koti, akafunga kifungo.

"Mumubebe," alisema. "Jua linapanda."

Waliubeba mgomba watu sita, ingawa wawili wangetosha. Katekista alisoma kwa ufupi, akiruka mahali panapotaja mwili. Udongo ulipoanza kuanguka juu ya koti ulitoa sauti ya majimaji. Mmoja wa mashangazi alimfunga Colette kikwembe cheusi juu ya kile cha njano palepale shambani, akamwambia akae chini anyolewe, na Colette akakaa. Tatiana aliokota nywele za mama yake, akazishika mkononi asijue pa kuziweka.

Saa alipewa na Adalbert jioni wakati wa kuteremka. "Iko yako," alisema. Colette alibonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia. Saa ikauliza kama kweli anataka kuizima, akajibu ndiyo.

*

Mvua zimekuwa kubwa mwaka huu, na mgomba unaoza upesi kuliko mtu. Haukupita mwezi wa pili, kaburi la Mardochée likaanza kubonyea katikati, kwanza kama sahani, kisha kama beseni, na maji yakawa yanatuama humo. Adalbert alijaza mara moja, likabonyea tena. Séraphine hawezi kubeba udongo. Mgongo wake umekataa. Kwa hiyo kila Jumamosi Colette anapanda kutoka Nguba, anachimba udongo bondeni chini ya shamba, anaupandisha kichwani kwa karai, anajaza.